Kukusanyika kulitufaa, kunyamaza je?

Yakitajwa maradhi ya corona hapa Unguja, kuna hoja haikosekani barazani: sisi hatukufungiwa ndani, ndiyo maana akili zetu zimebaki salama. Hoja hiyo ina uzito kuliko unaopewa na wasomi wetu. Tatizo lake ni kwamba inatetea mambo mawili kwa pamoja, kuruhusu watu wakusanyike na kuwanyima takwimu, kana kwamba moja lisingewezekana bila ya jengine.

La kwanza nalikubali, kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Machi 2022 kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Tafiti za Afrika zilikuwa chache katika makadirio hayo, kwa hiyo hayatuambii mengi kuhusu mtu wa Makunduchi. Sababu zake lakini tunazijua: upweke, woga wa kufa, kukatika kwa kipato, msiba usio na maziko ya kawaida. Katika upweke tulisalimika. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alithibitishwa tarehe 16 Machi 2020, skuli zikafungwa, misikiti ikaachwa wazi. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Mwezi ule Waislamu wa nchi nyingi walisali tarawehe majumbani, na hata Msikiti wa Makka haukupokea umma. Hapa safu zilisimama. Mtu aliyekuwa roho juu alipata pa kwenda mara tano kwa siku, akaulizwa hali, akaombewa. Huduma ya namna hiyo hata Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, haiwezi kuifikisha kila mtaa.

Daktari atasema safu hizo hizo huenda ziliambukiza, na safu ya mbele ndiyo ya wazee. Ni kweli. Na kuna jengine ambalo wanaume tunalipita haraka: baraza ni yetu. Mwanamke aliyeuguza mume na mama mkwe kwa pamoja, akiwafukiza asubuhi na jioni, hakuwa na baraza ya kukaa akapunguza mawazo. Yeye ndiye aliyekuwa pumziko la wengine.

Wala kukusanyika hakujazi chungu. Zanzibar ilipokea watalii 538,264 mwaka 2019, wakashuka hadi 260,644 mwaka 2020. Ndege za kimataifa zilisimamishwa kwa muda. Wageni nao walifungiwa kwao. Nungwi, Paje na Jambiani vijana wa hoteli waliambiwa wasubiri nyumbani, na wengi wao kwao ni bara. Pemba haina hoteli nyingi, ila nyumba nyingi zilikuwa zikingoja cha mwisho wa mwezi kutoka Unguja. Angalau muhogo wa shambani ulikuwepo. Mwanamme asiyeleta kitu nyumbani kwetu hasemi ana huzuni. Atasema kichwa kinamuuma, au atakuwa mkali bila sababu, na msikitini ataonekana kama kawaida.

Sasa kunyamaza. Takwimu za taifa zilisimama mwishoni mwa Aprili 2020. Zanzibar ikatoa zake mara ya mwisho mwanzoni mwa Mei, na jumla ya nchi ikakwama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Waliotetea walisema namba hutia hofu, na hofu yenyewe ni maradhi. Rais John Magufuli aliwahimiza watu wasiogope, wasali, wafanye kazi. Hoja hii si ya kubezwa visiwani, maana tunaijua hofu inavyotembea. Mwaka 1995 mkumbo wa Popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku, ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja, na watu wakalala nje kwa makundi.

Lakini mfano huo, ukiutazama vizuri, unawageukia. Mwaka ule watu walikuwa pamoja kuliko wakati wowote, tena usiku kucha, na kijana mgonjwa wa akili aliuawa na umati mjini akidhaniwa ndiye. Kilichokosekana haukuwa umoja. Ilikosekana habari ya kuaminika, na pengo lake likajazwa na uvumi. Mwaka 2020 uvumi ulipita kwenye simu: nani kafa usiku, nani kazikwa na watu wachache, dawa ipi inaponya. Aliyesikia na asiwe na pa kuhakikisha alibaki na woga ule ule, bila kujua ukubwa wake.

Na msiba je? Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilisema waziwazi kwamba kiongozi wake Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana corona. Alifariki tarehe 17 Februari, akazikwa kwao Mtambwe. Waliomlilia walijua kilichomuua. Familia nyingine nyingi, katika msimu ule ule, ziliambiwa ni kifua au changamoto ya kupumua. Wakaosha, wakakafini, wakasoma hitma, yote kama inavyotakiwa. Swali la nani aliyaleta maradhi ndani likabaki na watoto, likiulizwa kichinichini baina ya ndugu, kwa sababu jina la maradhi lilikuwa halitajwi.

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, na kipindupindu imekuwa ikikitangaza kwa jina mlipuko baada ya mlipuko. Kwa hiyo ilikuwapo njia ya tatu: misikiti wazi, nafasi baina ya wanaosali, wazee na wenye maradhi ya kifua waombwe wabaki majumbani kwa muda, na takwimu za wiki zisomwe baada ya sala ya Ijumaa. Masheha, viongozi wa serikali wa mitaa, walikuwepo kila shehia na maimamu kila mtaa, na watu wanawasikiliza. Taarifa ya kuwapa ndiyo iliyozuiliwa.