Majani Tunayoyachoma Ndiyo Mboji Tunayoitafuta

Jumamosi iliyopita niliandamana na watoto wa klabu ya bustani ya shule anayosoma binti yangu, walipokwenda Kiembeni, hapa Mombasa, kujifunza kutengeneza mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki yaliyooza, na tangu hapo nina jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Watoto walijifunza vyema kabisa. Lakini Jumatatu asubuhi, nilipomfikisha binti yangu shuleni, nilikuta majani ya mwarobaini yaliyofagiliwa uwanjani yakifuka moshi kando ya ukuta, kama yafukavyo kila siku, na waliokuwa wameshika fagio ni baadhi ya wale wale niliokuwa nao Kiembeni.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mtu mzima anayelima mchicha, bamia na biringani nyuma ya nyumba yake. Alianza kwa kuwashikisha watoto udongo wa njiani, ule mchanga wetu wa pwani wenye chembe za matumbawe, ambao maji hupita ndani yake kama yapitavyo kwenye chekecheke. Kisha akawashikisha udongo wa tutani, mweusi, unaoshikamana kidogo ukifumbatwa na kunukia kama ardhi iliyonyeshewa. Akawaambia kwamba udongo huu wa pili ulikuwa kama ule wa kwanza, hadi alipoanza kuulisha.

Ndipo wakajenga rundo. Chini walitandaza vijiti ili hewa ipite, juu yake majani makavu kwa wingi, kisha maganda ya ndizi na muhogo, matembele yaliyonyauka na chicha ya nazi, halafu samadi ya mbuzi na konzi chache za udongo, wakanyunyiza maji na kuanza tena. Mabaki ya samaki na nyama aliyakataza, kwa kuwa huwaita panya, paka na kunguru. Majani makavu lazima yazidi mabichi, kwani vijidudu vinavyoozesha rundo huhitaji takriban sehemu 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, na kaboni hiyo imo zaidi katika makavu.

Kando yake palikuwa na rundo jingine la wiki mbili, lililochomekwa kijiti kirefu hadi katikati. Mvulana mmoja alikichomoa, akakigusa ncha, akakiachia. “Bibi, kuna moto humu!” Akajibiwa kwa upole: “Si moto, mjukuu wangu. Ni vidudu usivyoviona, viko mezani vinakula.” Watoto wote walipanga foleni kukigusa kijiti kile. Rundo lililopangwa vizuri huweza kupita nyuzi 55 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu.

Wala mafunzo haya si mageni mjini kwetu. Pale Bamburi, ambapo matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1950, mtaalamu wa mazingira René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo yaliyobaki uchi. Mivinje ilishika, ila majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo wa msitu tunaouita leo Haller Park. Tunawapeleka watoto huko kutazama twiga na viboko. Natamani waanze kwa kuinama na kumtazama jongoo.

Hapa Kenya tuna pia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na nyingine. Shule itaitimizaje iwapo hata majani matupu, yasiyochanganyika na chochote, inayatia kibiriti, huku watoto wenye pumu wakikohoa madarasani? Naielewa hofu ya walimu. Uwanja unatakiwa uwe safi kabla ya kengele, na rundo lililosahauliwa kweli huweza kuwa maficho ya nyoka. Lakini nyoka hupenda pasipoguswa, na rundo la mboji hupinduliwa kila wiki au mbili. Kazi hiyo klabu ingeifanya kwa furaha.

Ninachoomba ni majani hayo wakabidhiwe watoto. Pasiwashwe moto tena, na wapewe kona moja yenye kivuli chini ya mwembe. Wakianza sasa, Januari, wakalipindua rundo na kulinyunyizia maji bila kukosa, kwa joto letu hili mboji itakuwa tayari kabla ya mvua za mwaka kushika Aprili, na mchicha wao wa kwanza utaipata ardhi iliyoshiba. Safari moja haitoshi, kwa sababu uozo ni jambo la majuma mengi, na mtoto anapaswa kuliona rundo lile lile likipoa, likishuka na kugeuka rangi.

Nimempelekea mwalimu mkuu barua na kujitolea kuleta makuti ya kuzungushia kona hiyo. Binti yangu ameshachonga kijiti chake cha kupimia joto. Amekiegemeza nyuma ya mlango, na kila jioni huniuliza kama barua imejibiwa.