Chiarelli wa Edmonton na usajili wetu wa Kariakoo

Nyumbani nikisema naishi Edmonton, swali la kwanza huwa baridi, la pili mshahara. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu Peter Chiarelli, na huyo ndiye mtu niliyemsikia akisemwa vibaya kuliko yeyote tangu nitue Kanada. Hakuwa mchezaji wala kocha. Alikuwa meneja mkuu wa Edmonton Oilers, timu ya hoki ya barafu, kuanzia Aprili 2015 hadi Januari 2019. Kwa lugha ya Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga, yeye ndiye alikuwa kamati ya usajili, peke yake na kalamu yake.

Mimi ni mtoto wa Dar, Yanga damu, baba yangu Simba. Barafu niliyoijua ni ile ya kwenye vifuko vya nailoni. Nilipofika huku nikapata kazi ghalani, zamu ya usiku, na wakati wa mapumziko nikasikia watu wanabishania drafti. Nikasogea kwa furaha, nikidhani ni drafti yetu ya vizibo vya soda. Kumbe wao wanazungumzia siku ambayo klabu zinagawana vijana wa miaka kumi na minane. Waliofanya vibaya wanatangulizwa kuchagua, bahati nasibu inaamua nani awe wa kwanza kabisa, na kijana mwenyewe haulizwi anapenda mji gani.

Aliyenifundisha mchezo huu ni dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mtu mzima mwenye asili ya Ukraine kama walivyo wengi katika jimbo hili la Alberta. Siku ya kwanza nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamwambia, akaninunia wiki nzima. Baadaye alilizoea jina, hata akawa anajitambulisha nalo. Mzee huyu alikumbuka kila mchezaji aliyeuzwa na alichopatikana badala yake, kama wazee wetu wanavyokumbuka nani alifunga katika mechi ya watani mwaka ambao redio ilikuwa moja mtaa mzima.

Kesi yenyewe iko hivi. Oilers ni klabu ya makombe 5: 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990. Baada ya kufika fainali 2006 ikazama, ikawa miaka inakwenda bila hata kuingia hatua ya mtoano. Tarehe 18 Aprili 2015 bahati nasibu ikawaangukia, wakapata haki ya kumchagua Connor McDavid, kijana aliyekuwa akisubiriwa na nchi nzima. Siku 6 baadaye wakamwajiri Chiarelli, aliyekuwa ametoka kufukuzwa umeneja wa klabu ya Boston. Kwa hiyo yeye aliingia nyumba ambayo jungu liko jikoni tayari, na nyama imo.

Juni, usiku uleule wa kumchagua McDavid, akatoa nafasi mbili za kuchagua kwenye drafti, ya 16 na ya 33, kwa klabu ya New York Islanders ili ampate beki Griffin Reinhart. Reinhart alicheza michezo 29 akiwa Oilers. Ile nafasi ya 16 Islanders wakamchukua Mathew Barzal, ambaye 2018 alitwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi nzima. Ukitaka kumwona Mzee anapandwa na hasira, mtajie Barzal.

Halafu ikaja tarehe 29 Juni 2016. Taylor Hall, chaguo la kwanza la mwaka 2010, miaka 24, mfungaji ambaye jezi yake namba 4 ilivaliwa na nusu ya ghala letu, akapelekwa klabu ya New Jersey. Kilichorudi ni beki mmoja, Adam Larsson. Watu walisubiri wasikie na nani mwingine. Hapakuwa na mwingine. Mmoja kwa mmoja, na maneno hayo mpaka leo ni methali ya mji huu. Ukinunua gari bovu utaambiwa hivyo. Miaka 2 baadaye Hall akachukua tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi.

Hilo dunia nzima ya hoki inalisema. Mimi linaloniuma ni lililofuata siku 2 baadaye. Mkataba alioondoka nao Hall ulikuwa wa miaka 7 kwa dola milioni 42. Tarehe 1 Julai Chiarelli akamsaini Milan Lucic, miaka 28, mtu wa mabavu aliyekuwa naye Boston. Miaka 7, dola milioni 42. Fedha zilezile, shilingi kwa shilingi, kwa mwili uliokwisha kugongwa misimu mingi. Na ligi ile ina ukomo wa mishahara. Msimu huo klabu haikuruhusiwa kuzidi dola milioni 73. Ukimlipa mmoja vibaya, umempunja mwingine. Lucic alifanya vizuri msimu mmoja, kisha miguu ikagoma.

Hapo ndipo ninapomhukumu. Kukosea kupo, kila msajili anakosea. Kosa lake ni kwamba alitaka kuijenga Boston ndani ya Edmonton. Boston ya Chiarelli ilibeba kombe 2011, la kwanza tangu 1972, kwa watu wakubwa wanaogonga. Lakini hata kombe lile, tazama nani aliweka msingi. Kiangazi cha 2006, wakati Chiarelli anasubiri kuachiwa na Ottawa, klabu aliyokuwa akiifanyia kazi, aliyekaimu kiti cha meneja Boston ni Jeff Gorton. Ni katika wiki hizo kipa Tuukka Rask aliletwa kutoka Toronto, Brad Marchand na huyo Lucic wakachaguliwa, na Zdeno Chara akasaini. Chiarelli akaja akakaa mezani, akanawa, akala. Simnyimi sifa zake, alikaa pale miaka 9 na alifanya mengi mazuri. Ila mtu anayekula wali uliopikwa na mwenzake huweza kuamini kwamba mpishi ni yeye. Kuna jambo lingine linanichekesha: kwenye drafti ya 2010 waliobishaniwa ni Taylor na Tyler, Hall wa kwanza, Tyler Seguin wa pili. Chiarelli ndiye aliyemtoa Seguin Boston kumpeleka Dallas 2013, na ndiye aliyempeleka Hall New Jersey. Namba moja na namba mbili, mtu mmoja kawatoa wote.

Sasa nirudi kwetu. Julai 2024 mchezaji Clatous Chama, kipenzi cha Msimbazi kwa Simba miaka na miaka, alihamia Jangwani, kwetu Yanga. Ndugu zangu walinipigia simu usiku huku ni mchana, tukapiga kelele. Nikauliza: analipwa ngapi? Kimya. Kila mtu kijiweni alikuwa na namba yake. Magazeti yaliandika maneno tunayoyajua wote, kwamba dau halikuwekwa wazi. Mimi ni Yanga, na kwa uchungu nasema, sina njia ya kujua kama usajili wowote wa klabu yangu ulikuwa wa busara au wa bahati. Naona magoli tu. Timu ikifungwa tunamfukuza kocha, na kocha akishaondoka tunasikia minong'ono ya kamati ya ufundi, na waliosajili wako palepale jukwaa kuu.

Mzee wa foklifti, ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya Oilers, anajua mshahara wa kila mchezaji na mwaka mkataba unaoisha. Anaweza kukaa na kalamu akaonyesha fedha zilipovuja. Nilimwonea wivu. Kisha siku moja nikamweleza kwamba Yanga ina wanachama, tuna kadi, na kwamba rais wa klabu tulimchagua kwa kura mwaka 2022. Akaacha kutafuna mkate. Oilers ni mali ya Daryl Katz tangu 2008. Mashabiki wake wana namba zote na hawana kura. Wakichoka sana wanatupa jezi zao kwenye barafu, nao walinzi wanaziokota. Sisi tuna kura na hatuna namba. Mzee aliniuliza, tena kwa dhati, kama mwenye kadi huwa haulizi hayo mambo kwenye mkutano mkuu. Nikamjibu kwamba mikutano yetu ina chakula kizuri.

Kuna kitu kimoja ambacho kwetu tunakiweza na huku hawakiwezi, nacho ni kumwachia mtu akishaondoka. Chiarelli alifukuzwa Januari 2019, siku moja tu baada ya kumwongezea kipa Mikko Koskinen miaka 3, jambo lililowashangaza wengi. Tangu hapo hana jema hapa mjini. Lakini mwaka 2017 ndiye aliyewaingiza mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11, na kiangazi hicho alimpa Leon Draisaitl miaka 8 kwa dola milioni 68. Watu walimcheka kwamba kampa kijana fedha nyingi. Draisaitl akaja kuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa dunia, na mkataba ule ukawa wa bei ya kutupa. Hilo nalo lingepaswa kuandikwa kwenye daftari lilelile.

Juni 2024 Oilers walifika fainali na klabu ya Florida. Walifungwa michezo 3 ya mwanzo, wakashinda 3 iliyofuata. Mchezo wa sita, uliochezwa hapahapa Edmonton na kuisha 5-1, niliutazamia nyumbani kwa Mzee, ameshastaafu, magoti yamekwisha. Golini alikuwa Stuart Skinner, mtoto wa Edmonton, aliyechaguliwa 2017. Beki akisambaza pasi alikuwa Evan Bouchard, chaguo la 2018. Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia, Mzee, hawa wawili walichaguliwa wakati wa Chiarelli, mpe basi haki yake kidogo.

Hakunitazama. Alikuwa anakodolea macho runinga, kopo la bia mkononi, wakati nje magari yameanza kupiga honi.

"Barzal," akasema.