Dodoki au sponji: tuoshee vyombo na kipi?

Kwenye meza za wauza vyombo Kariakoo, sponji zimepangwa kwa rangi: njano, waridi, bluu, kila moja imebandikwa mgongoni kipande cha kijani cha kukwangulia. Dodoki nalo lipo, limewekwa kando pamoja na vitu vya bafuni. Wapo wanaotuhimiza tulirudishe jikoni ili tupunguze plastiki, na wapo wanaojibu kwamba hayo ni mambo ya wenye nafasi. Pande zote mbili zina hoja, ila kwangu hazina uzito sawa.

Sponji ina sifa zake, tusiionee. Inashika povu, kwa hiyo sabuni kidogo inamaliza beseni zima la vyombo, na kwa nyumba inayonunua maji kwa ndoo hilo si jambo dogo. Upande wake laini haukwaruzi glasi. Kila duka la mtaani inapatikana. Mama lishe anayeosha sahani tangu alfajiri hawezi kuambiwa aiache bila kupewa kitu cha kufanya kazi ileile.

Lakini ile sehemu laini ni poliyurethani, na ile ya kijani kwa kawaida ni nailoni au poliesta. Zote ni plastiki, na kadiri unavyosugua ndivyo zinavyosagika. Nyumba nyingi za Dar hazijaungwa na bomba la majitaka. Maji ya vyombo humwagwa uani au mtaroni, na mitaro mingi ya Kigogo na Tabata inaelekea Mto Msimbazi, kisha baharini. Sponji iliyochakaa inakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, au inachomwa nyuma ya nyumba, na moshi wa poliyurethani una sumu. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 1, 2019. Sponji haimo katika katazo hilo.

Halafu kuna vijidudu. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichunguza sponji 14 zilizotumika majumbani, wakakuta sehemu nyingine zina bakteria zaidi ya bilioni 50 katika sentimita moja ya ujazo. Si wote wanaoleta ugonjwa. Kilichonishtua ni kwamba sponji ambazo wenyewe walisema huzisafisha mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine. Ushauri wao ulikuwa kubadilisha sponji kila wiki. Piga hesabu: nyumba moja, sponji 52 kwa mwaka, zote plastiki. Hapo ndipo usafi na mazingira vinapogongana, na hapo ndipo dodoki linapopata nafasi yake.

Dodoki ni tunda la mmea unaotambaa, jamii moja na matango na maboga. Likikaukia mtini unalimenya, unakung'uta mbegu, unabaki na nyuzi zenye matundu makubwa. Maji hayakai humo. Watafiti wa Norwei walipolinganisha sponji na brashi za kuoshea vyombo, waliona salmonela, bakteria wa kuharisha, inadumu kwenye sponji yenye unyevu na kufa kwenye brashi iliyoachwa ikauke. Dodoki si brashi, lakini nalo hukauka upesi, na kwa joto la Dar lenye unyevunyevu, hasa wakati wa masika, hilo ndilo la kuangalia kwanza. Ukiliacha ndani ya beseni litaota ukungu na kuwa jeusi kama kitu kingine chochote cha shambani. Angalau likichakaa, unalifukia likaoza.

Kwenye masizi ya sufuria la mkaa, dodoki halifui dafu. Hapo stilwaya inashinda, ingawa hukatika vipande vidogo vinavyoweza kubaki kwenye chombo, kwa hiyo naitumia nje ya sufuria tu. Makumbi ya nazi na majivu vinafanya kazi hiyo pia. Majivu yanakata mafuta kweli, ila usiyaache kwa muda mrefu kwenye alumini, yanaila.

Kuhusu sponji zinazouzwa kwa jina la rafiki wa mazingira, nina neno moja. Selulosi halisi, yaani nyuzi za mimea, huoza, lakini geuza mgongoni: mara nyingi kile kipande cha kijani ni plastiki ileile.

Nyumbani nakata dodoki moja vipande vinne. Kimoja kinaning'inia msumarini juu ya karo, nakichovya maji yanayochemka kila Jumamosi, na chombo kilichotoka kwenye samaki au nyama mbichi nakiosha kwa kitambaa ambacho nacho nakichemsha. Sponji moja nimeibakiza kwa glasi ndefu.

Swali la mama lishe bado sijalimaliza. Anahitaji dodoki mwaka mzima, kwa bei ya sponji, karibu na banda lake, na leo halipati. Dodoki huota hata kwenye ua wa seng'enge, hivyo tatizo si ardhi. Wakulima wanaliuza zima zima kwa ajili ya kuogea. Likikatwa na kuuzwa kwa vipande, moja linatosha mabanda manne.