Mechi 14 Hazifutwi na Jumamosi Moja

Kila mwisho wa Februari, mtoano ukikaribia, maneno ni yale yale: "Ligi ilikuwa ya kupasha misuli tu, mpira wenyewe unaanza sasa." Watangazaji wa kikapu cha vyuo vidogo Marekani wanayasema hewani, mashabiki wanayadaka na kuyarudia, na mimi kila nikiyasikia damu inanichemka. Vijana wa Divisheni ya Tatu, daraja la vyuo hivyo vidogo, hawapati hata senti moja ya ufadhili wa michezo. Kanuni zao zinakataza. Jumatano jioni wanapanda basi kwenye theluji, wanacheza, wanarudi bwenini usiku wa manane, na Alhamisi asubuhi wako darasani kama wanafunzi wengine wote. Kuiita kazi hiyo kupasha misuli ni kuwavunjia heshima.

Ninachodai ni kitu kimoja. Tiketi ya moja kwa moja ya kwenda mashindano ya taifa apewe aliyeongoza ligi, asipewe aliyeshinda mtoano wa siku chache baada ya ligi kwisha.

Chukua MIAA, ligi ya Michigan, ambayo ni kongwe kuliko zote nchini humo, ilianzishwa 1888. Upande wa wanaume zipo timu 8: Adrian, Albion, Alma, Calvin, Hope, Kalamazoo, Olivet na Trine, hawa wa mwisho wakiwa katika mji mdogo uitwao Angola, Indiana, ukivuka tu mpaka. Kila timu inakutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, mechi 14. Hapo hakuna pa kujificha. Ukibahatika kuwapiga Hope Januari gadi wao, yaani mchezesha mpira, akiwa na kifundo kilichovimba, Februari utamkuta amepona. Ukifungwa Holland, mji wa Hope, kwa sababu kelele za ukumbi wao wa DeVos Fieldhouse zimekuchanganya, una marudiano kwako. Bahati ya mkutano wa kwanza inalipiwa kwenye mkutano wa pili, na mwisho wa hesabu kinachobaki ni timu ilivyo kweli.

Na huo mkutano wa pili ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote katika mchezo huu. Tazama mambo yanavyokwenda. Januari timu inakuja na silaha yake ya siku zote: senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, anapanda hadi juu ya mstari wa pointi tatu, anaweka skrini, yaani anasimama kumzibia njia mlinzi anayemkaba gadi, kisha anageuka na kuteremka kuelekea kikapuni. Mlinzi akipita juu ya skrini, senta anateremka peke yake. Akipita chini, gadi anasimama na kurusha tatu. Hadi mapumziko pointi 12 zimeingia kwa njia hiyo moja, na kocha wa upande wa pili anatazama sakafu.

Wiki nne baadaye kocha yule amekwisha kuirudia video ile mpaka anaijua kwa moyo. Safari hii amewaambia vijana wake wabadilishane watu kila skrini inapowekwa. Sasa gadi mfupi ameangukiwa na mlinzi mrefu mwenye mikono kama makasia, na senta ana kijana mfupi mgongoni mwake. Kinadharia senta ndiye mwenye faida, lakini faida hiyo haidumu zaidi ya sekunde 3 au 4, kwa sababu msaada unakuja kutoka upande usio na mpira. Timu iliyojifunza pasi ya haraka ya kumpelekea senta chini itafunga kwa urahisi. Ambayo haikujifunza, gadi wake anadunda, anadunda, saa ya sekunde 30 za kushambulia inakaribia sifuri, anarusha mpira wa kubahatisha huku mkono uko usoni pake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya timu yenye mbinu moja na timu yenye mbinu mbili, na ni ligi ya nyumbani na ugenini inayoianika hadharani. Mtoano unawakutanisha mara ya tatu, na mara ya tatu haina marudiano.

Wengi wanashindwa kuiona ligi kwa sababu wanausoma msimamo vibaya. Wanatazama ushindi na vipigo, basi. Fanya hivi badala yake: kila ushindi wa ugenini andika jumlisha 1, kila kipigo cha nyumbani andika toa 1, na ushindi wa nyumbani na kipigo cha ugenini usivihesabu kabisa. Tuseme baada ya mechi 8 timu A ina ushindi 6 na vipigo 2, timu B ina 5 na 3. Msimamo unasema A yuko mbele. Sasa fungua ratiba. A amecheza 5 nyumbani akashinda zote, na 3 ugenini akashinda 1: jumla yake ni jumlisha 1. B amecheza 3 tu nyumbani akashinda zote, na 5 ugenini akashinda 2: jumla yake ni jumlisha 2. Kwa kweli B ndiye anayeongoza, kwa sababu A bado ana mechi 4 za ugenini na 2 tu za kwake, wakati B amebakiza 4 za kwake na 2 za ugenini. Kila mmoja akishinda kwake zote zilizobaki na kufungwa ugenini zote, A atamaliza na ushindi 8 na B atamaliza na 9. Hesabu hii haikosei popote penye mechi 7 za nyumbani na 7 za ugenini: chukua 7, jumlisha alama yako, huo ndio ushindi utakaomaliza nao mambo yakienda kawaida. Ukiifuata tangu Januari, utajua ni Jumatano ipi iliyoamua ubingwa, na mara nyingi ni Jumatano ambayo hakuna aliyeitangaza.

Ipige sasa hesabu ya mtoano. Tuseme una timu bora kiasi kwamba kila ikiingia uwanjani ina nafasi ya asilimia 80 ya kushinda. Hiyo ni timu kubwa sana katika ligi ya vyuo vidogo. Ikihitaji kushinda mechi 2 mfululizo, nafasi yake ya kubeba kombe ni 0.8 mara 0.8, asilimia 64. Zikiwa mechi 3 inashuka hadi asilimia 51. Yaani timu iliyoitawala ligi miezi miwili inarushiwa shilingi hewani. Kijana mmoja akipata faulo mbili dakika ya 6, akakaa benchi hadi mapumziko, na mpinzani akawa na mchana mzuri wa pointi tatu, tiketi imekwenda. Ni ajali, wala si dhuluma ya mtu yeyote, lakini ajali haipaswi kupewa uzito kuliko mechi 14.

Na maumivu hayaishii hapo. Mashindano ya taifa yana timu 64, na sehemu kubwa ya nafasi ni za wenye tiketi za moja kwa moja. Zinazobaki, tangu msimu wa 2024-25, zinagawanywa kwa hesabu ya NPI, inayotazama ushindi wako, ugumu wa uliocheza nao, na kama ulikuwa nyumbani au ugenini. Timu kubwa ikiangushwa kwenye mtoano wa ligi yake mara nyingi inaokolewa na NPI. Inaingia kwa mlango wa pili. Lakini mlango huo una nafasi chache, na aliyeingia amemtoa mwingine. Anayelia Jumatatu orodha ikitangazwa ni timu ya ligi nyingine kabisa, jimbo jingine, ambayo haikukosea lolote wikendi ile. Nafasi yake ilipotelea kwenye mchezo ambao haikuwa hata na jirani yake uwanjani.

Wapo walioona njia tofauti. UAA, ligi yenye Brandeis, Carnegie Mellon, Case Western Reserve, Chicago, Emory, NYU, Rochester na Washington University ya St. Louis, haina mtoano. Timu 8, mechi 14, bingwa ni aliyeongoza, tiketi ni yake. Na wale hawaendi kwa basi la saa moja. Wanapanda ndege kutoka Atlanta hadi Boston, wanacheza Ijumaa usiku, wanahamia mji mwingine, wanacheza tena Jumapili mchana. Jumapili ndiyo inayowapambanua: miguu mizito, siku moja tu ya kumsoma mpinzani mpya, na kocha mwenye wachezaji 7 wa kuaminika anaumia mbele ya kocha mwenye 10. Je, wamelala kwa kukosa mtoano? Washington University walichukua ubingwa wa taifa 2008 na tena 2009. NYU walifika fainali 2025 na wakafungwa na Trinity ya Connecticut kwa pointi 4 tu. Ligi iliwanoa vya kutosha.

Nikubali machache, ingawa kwa shingo upande. Mtoano unampa uhai aliyeanza vibaya: gadi aliyeumia Novemba anarudi Februari, timu ya nafasi ya 5 sasa ni timu nyingine. Hilo ni kweli. Viti navyo hujaa. Na katika NESCAC, ligi ya kina Williams, Amherst na Middlebury, ambako timu 11 zinakutana mara moja tu, mechi 10, ratiba inaweza kukupeleka ugenini kwa vigogo wote huku mwenzako akiwapokea kwake. Pale mtoano una kazi ya kusawazisha, na siupingi sana. Lakini ligi ya nyumbani na ugenini haina udhuru huo.

Wala sisemi mtoano hauna utamu. Fainali ya taifa ya Machi 2014 pale Salem, Virginia: Williams wamepata kikapu cha kuongoza 73-72, zimebaki sekunde zisizofika 5. Quardell Young wa UW-Whitewater akaukokota mpira uwanja mzima, akafunga huku akichezewa faulo, kisha akatia na mtupo huru. 75-73. Nani atasema hakupenda? Penye fainali lazima apatikane mmoja, na iwe hivyo. Ninachokataa ni kumpeleka bingwa wa ligi kwenye shimo hilo hilo kabla hajafika huko, baada ya kuonyesha mara 14 kwamba yeye ndiye. Chezeni mtoano kama kombe lake, lenye medali zake. Tiketi iacheni.

Watakaosema hakuna anayejali ligi ya kawaida wakumbuke Januari 1997. Calvin na Hope walikuwa na mechi ya ligi tu, lakini ilichezewa Van Andel Arena mjini Grand Rapids, na watu zaidi ya 11,000 wakaingia. Kwa vyuo visivyo na ufadhili wa michezo.

Kwa anayetaka kuifuata MIAA kuanzia sasa: mechi nyingi ni Jumatano jioni na Jumamosi mchana. Tofauti ya saa na Afrika Mashariki ni 8 kipindi cha baridi, kwa hiyo mechi ya Jumatano saa moja na nusu jioni kwao ni saa tisa na nusu usiku kwetu, kazi ngumu kwa mwenye ajira. Ya Jumamosi saa tisa alasiri kwao ni saa tano usiku kwetu, hiyo inawezekana. Ndugu zetu Wakongo wa Grand Rapids na Kentwood, ninyi mko mlangoni kabisa: Van Noord Arena ya Calvin ina viti vipatavyo 5,000, na Hope ni mwendo mfupi kwa gari kuelekea ziwani. Nendeni mapema Januari kabla wanafunzi hawajarudi likizo. Ukumbi uko kimya na unasikia kila neno ambalo walinzi wanaambiana.

Ukikaa kutazama, macho yako yawe kwenye ubao wa faulo kuliko kwenye pointi. Katika kila kipindi cha dakika 20, faulo ya 7 ya timu inampa mpinzani mtupo mmoja wenye sharti: akitia anapata wa pili, akikosa mpira unachezwa. Kwa mtupaji wa asilimia 70 huo una thamani ya pointi 1.19. Faulo ya 10 inampa miwili bila sharti, pointi 1.4. Timu inayofika faulo ya 7 zikiwa zimebaki dakika 11 itatumia nusu ya kipindi ikiogopa kukaba. Nayo ikiwa ugenini, mwishoni mwa Februari, na alama yake ni jumlisha 2 huku anayemfuata ana jumlisha 1, basi ubingwa wa ligi uko pale, kwenye vidole vya gadi aliyesimama mstarini mbele ya watu 3,000 wanaompigia kelele.