Karamu ya Judy Chicago: mikono mia nne, jina moja

The Dinner Party (yaani karamu ya chakula cha jioni), kazi ya sanaa ya Mmarekani Judy Chicago, ilioneshwa mara ya kwanza San Francisco mwaka 1979, na ugomvi juu ya nani hasa mwenye kazi haujaisha. Ni meza ya pembetatu, kila upande kama mita 14.6, imeandaliwa wageni 39, wote wanawake: kuanzia miungu wa visasili kama Ishtar na Kali hadi mchoraji Georgia O'Keeffe. Chini yake kuna vigae 2,304 vyenye majina 999 kwa rangi ya dhahabu. Waliofanya kazi ni zaidi ya 400, wengi wakijitolea. Msanii anayetajwa ni mmoja.

Wanaomtetea Chicago hawakosi hoja. Alianza peke yake mwaka 1974, michoro ni yake, neno la mwisho lilikuwa lake, na majina ya wasaidizi aliyaweka kwenye mabango. Sahani za kauri za wageni nazo si mchezo. Za mwanzo ni bapa. Kadiri karne zinavyosogea, maumbo yanainuka. Udongo wa kauri hunywea ukikauka na ukichomwa, na penye unene hapaendi sawa na pembeni palipo pembamba. Hapo ndipo ufa unapoingia, jasho lote likaishia tanurini.

Ila mchoro wa karatasini haumwambii mdarizi apige mshono gani. Kila kitambaa cha meza kinafuata ushonaji wa zama za mgeni wake, na ujuzi huo ulikuwa wa wanawake walioongozwa na Susan Hill. Cha Mary Wollstonecraft, mwandishi Mwingereza aliyetetea haki za wanawake, upande wa nyuma, kinaonesha anavyofariki baada ya kujifungua, kwa udarizi uliotunishwa mpaka watu wanaonekana kama vinyago vidogo. Huwezi kuiita hiyo kazi ya kibarua.

Neno la mwisho kuwa la mtu mmoja lina gharama pia. Sojourner Truth, mpinga utumwa, ndiye Mmarekani Mweusi pekee mezani, na sahani yake ina nyuso tatu ilhali nyingi za wenzake zina umbo la uke; wakosoaji Weusi waliuliza kwa nini yeye tu kanyimwa mwili. (Kwenye majina ya wanawake sakafuni, kwa upande mwingine, kapenya mwanamume: Kresilas, mchongaji wa Ugiriki aliyedhaniwa mwanamke.)

Kwa maoni yetu, wazo libaki la Chicago, lakini kila kitambaa kiwe na kibao chake: nani alishona, kwa mshono gani. Bango la majina mia nne halisemi ni sindano ya nani iliyomlaza Wollstonecraft pale.