Wavu wa kuotea njiwa: Lincolnshire na Usangu

Usangu, bonde la mpunga kusini magharibi mwa Tanzania, anayelinda mpunga kazi yake ni kuonekana. Anapanda dunguni kabla jua halijachomoza, anapiga ukelele, anagonga debe, anavurumisha udongo kwa kombeo, na kundi la kweleakwelea likimwona amesimama linageuza kwenda kwa jirani. Huku Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, anayemsaidia mkulima kulinda rapa na njegere dhidi ya njiwa mwitu anatakiwa apotee machoni. Anakaa nyuma ya wavu pembezoni mwa shamba, bunduki ya marisau mkononi, na akionekana tu, siku imeharibika. Nimekulia kwenye mpunga, sasa naishi katikati ya mashamba ya rapa, ule mmea wa mafuta wenye maua ya njano, na Watanzania wenzangu walioanza kualikwa na wakulima wa huku wananiuliza swali lile lile: ninunue wavu gani?

Nunua wavu mwepesi, uliofifia, usiong'aa, halafu nusu ya kazi yaachie majani ya pale pale ulipo. Najua wengi hawalipendi jibu hili, maana madukani huku kuna nyavu za kila picha: magome ya miti, matete, majani makavu, zote zimechapwa kwa ustadi mkubwa. Picha hizo zinamvutia mnunuzi aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye rafu. Njiwa anakuja kasi kutoka mita mia mbili, na kwa umbali huo picha zote huwa doa moja. Anachokitambua ni kama doa hilo limekoza kuliko kichaka au limepauka, linang'aa au halingʼai, linatikisika au limetulia.

Tumfahamu kwanza ndege mwenyewe. Njiwa mwitu wa huku ni mkubwa kuliko njiwa wa kufugwa, ana baka jeupe shingoni na mstari mweupe bawani unaoonekana vizuri akiruka. Uingereza nzima kuna jozi zaidi ya milioni 5 zinazotaga. Kiangazi hula nafaka na njegere. Baridi ikikaza, shambani kusiwe na kingine cha kijani, hushuka kwenye rapa kwa mamia na kula majani mpaka ibaki mishipa mitupu. Ukimpasua njiwa wa Februari utakuta mfuko wake wa shingoni umejaa vipande vya majani mabichi, umeshindiliwa ukawa mgumu kama mpira. Mkulima akiuona mfuko huo haulizi tena kwa nini kona ya shamba lake imebaki udongo.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuka, kasoro kijisehemu cha nyuma. Huona pia miale ya urujuanimno, ambayo sisi binadamu hatuioni, na hili lina uzito kwa mnunuzi wa wavu. Sabuni nyingi za kufulia zina kemikali za kung'arisha nguo, na kemikali hizo hufanya kazi kwa miale hiyo hiyo: huipokea na kuitoa tena kama mwanga wa samawati. Kofia, koti au wavu uliofuliwa kwa sabuni ya unga ya kawaida unaweza kuwaka machoni mwa njiwa, ingawa wewe unauona umechakaa vizuri tu. Kwa hiyo wavu usifuliwe. Upigwe na mvua, ushike tope, ukauke, basi.

Ukiwa dukani, omba kuutoa nje. Uning'inize penye jua, rudi nyuma hatua thelathini, finya macho. Ukiona unameta, uache, hata kama bei ni nzuri. Kisha lowesha ncha moja kwa maji na uutazame tena, kwa sababu plastiki nyingi hazing'ai zikiwa kavu lakini zikiloa hubadilika, na asubuhi za baridi huku umande haukosi.

Nyavu za jeshi zilizokwisha kutumika zina sifa moja kubwa: vipande vyake vya kitambaa vinaning'inia ovyo na kuvunja umbo la mtu. Lakini ni nzito, zikinyeshewa ni mzigo wa mtu mzima, na kila mwiba wa michongoma unazing'ang'ania. Gunia la katani au la juti halingʼai hata kidogo na bei yake ni ndogo, ila huoni kitu kupitia kwake, na likikaa na maji huoza. Mimi natumia wavu wa poliesta uliokatwakatwa mfano wa majani. Ni mwepesi, unakauka haraka, na ukiusogelea unaona nje kupitia matundu yake ilhali aliye nje hakuoni. Kasoro yake ni upepo. Majani yale ya kitambaa yakipeperuka yote kwa pamoja wakati kichaka chenyewe kimetulia, njiwa anakata kona mapema. Ufunge chini kwa vigingi na ulaze matawi mazito juu yake, lakini usiuvute ukakaza. Wavu uliokazwa unakuwa ukuta bapa, na pembezoni mwa shamba hakuna kitu kilicho bapa.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusi ni mgongo. Wageni wengi wa kazi hii hutumia wavu wote mbele na kuacha nyuma wazi, kwa kuwa ndege anatokea mbele. Ukikaa hivyo, kila njiwa anayekuja anakiona kichwa chako kimechorwa cheusi kwenye anga jeupe. Afadhali wavu mnene uwe nyuma yako, upite kichwa, na wa mbele uwe mwembamba, ufike kifuani ukiwa umeketi. Kama una wavu mmoja tu wa mita 4 kwa 1.5, kipimo kinachopatikana kwa urahisi, tafuta michongoma minene ikusitiri mgongo, kisha uzungushe wavu mbele na ubavuni. Pasipo na michongoma, beba nyavu mbili. Nguzo nne zinazorefuka, zenye kikanyagio cha kuzizamisha ardhini kwa mguu, zinatosha. Zipishanishe kimo ili ukingo wa juu usinyooke, maana mstari ulionyooka huonekana haraka kuliko rangi yoyote uliyokosea.

Kuhusu rangi, watu hununua kijani kwa sababu wanaiwaza Uingereza kuwa ya kijani. Ni ya kijani mwezi Juni. Januari michongoma imepukutika, zimebaki fito za kahawia na kijivu, na wavu wa kijani unajitokeza peke yake. Shayiri ikishavunwa, shamba zima ni rangi ya mabua. Kama pesa ni ya wavu mmoja, chukua wa kahawia iliyofifia, inayoelekea majani makavu. Kijani utakiongeza mwenyewe, bure.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wazee wetu wa Usangu kwa heshima. Mjomba wangu aliotea kanga kwenye njia ya maji bila wavu wa aina yoyote. Alikata matawi ya mti ule ule aliokaa chini yake, hakuleta ya mti mwingine. Aliyachomeka moja moja, kila jani likitazama juu kama lilivyokuwa mtini, kwa sababu upande wa chini wa jani umepauka na ukigeuzwa kibanda kizima kinakuwa cheupe-cheupe. Yaliyoanza kunyauka aliyabadilisha palepale. Sijapata mafunzo bora kuliko hayo kwenye duka lolote la huku, na wawindaji wazee wa Lincolnshire hufanya vilevile: wavu wao ni wa zamani, umefifia, na ukiwa umeshasukwa matawi huwezi kusema ulinunuliwa ukiwa na picha gani.

Tofauti ni kwamba mjomba alikata alichotaka. Siku hizi hata kanga wake angehitaji leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Huku michongoma ni mali ya mtu na ina ulinzi wake: England, kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, haikatwi wala kupunguzwa isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa kuwa ndege wanatagia humo. Majira hayo okota matawi yaliyoanguka, kata magugu marefu ya pembezoni, na muulize mwenye shamba kwanza. Mkulima akikukuta umeng'oa tawi la michongoma yake hutaitwa tena, na atakuwa na haki.

Nidhamu hiyo naipenda, na ningefurahi kuiona nyumbani. Bunduki unaimiliki kwa cheti cha polisi cha miaka 5, baada ya wewe kuchunguzwa na mahali pa kuifungia kukaguliwa. Shambani unaingia kwa ruhusa. Njiwa mwenyewe anapigwa chini ya leseni ya jumla, kwa England inajulikana kama GL42, ambayo lengo lake ni kuzuia hasara kubwa ya mazao, na inamtaka mhusika awe amejaribu pia njia za kufukuza. Ndiyo sababu ya ile mizinga ya gesi inayolipuka mashambani mchana kutwa. Na njiwa aliyepigwa analiwa, minofu yake ya kifuani ni nyama nzuri sana.

Nyumbani, kweleakwelea wakizidi, tunaomba ndege ya kunyunyizia sumu. Naelewa kwa nini: kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi lina mamilioni, mkulima anaweza kupoteza kila kitu kabla ya wiki kwisha. Lakini fenthioni, sumu yenyewe, haichagui. Mwewe na bundi wanaookota kwelea walioanguka nao hufa, na nyama yote ile inakwenda bure kwa sababu haifai kuliwa. Kondoa, katikati ya Tanzania, watu wamewatega kwelea na kuwala kwa miaka mingi. Wavu wa huku unamficha mtu, wa Kondoa unamkamata ndege, na kwa maoni yangu fedha ya umma ingeanzia kwa watu kama wale wa Kondoa kabla ya kufika kwenye sumu.

Waingereza nao wangefaidika na dungu. Njiwa huuzoea mzinga wa gesi upesi, hutua hatua chache kutoka ulipo na kuendelea kula. Mtu anayetembea, anayebadilisha mahali, hawamzoei. Ila dungu ninalolitetea ni la mtu mzima anayelipwa. Watoto kukosa shule msimu mzima ili mpunga ukomae ni jambo ambalo tumelivumilia mno.

Sasa kwa wanaotaka kununua nyavu huku na kuzituma nyumbani kwenye kontena: msitume zile za mabakamabaka ya kijeshi. Huku kila mtu anaweza kuzinunua. Tanzania raia haruhusiwi mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa waliokuwa nayo kuyasalimisha. Tangazo lilihusu mavazi, lakini simtakii ndugu yangu kusimama kituoni akieleza tofauti ya wavu na kombati. Kazi ya kule pia haiuhitaji. Mlinzi wa mpunga anataka aonekane. Anayetaka kuwapiga picha ndege wa Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, au kuwahesabu atatosheka na gunia la katani, na akiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha asikate hata kijiti.

Kwa mliopo huku, jioni msiuache wavu shambani hata kama mtarudi kesho yake. Kalunguyeye na nyoka hunaswa humo usiku. Okoteni maganda yote ya risasi, toeni matawi kwenye wavu na kuyarudisha chini ya michongoma yalikotoka, kisha muuning'inize mahali penye hewa, mbali na sabuni, ukauke kabisa kabla ya kuukunja.