Siku Kulwa na Doto walipoizima dabi

Kwanza nieleze habari ya risasi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini shemeji yangu akija nyumbani siku hizi anauliza soketi kabla ya kuuliza hali.

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kutunza pakeji za klasta, yaani programu za kufanya kompyuta kadhaa zishike kazi kama moja, kwenye Debian, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Upande wetu kuna Corosync, ambayo kazi yake ni kuzifanya kompyuta kadhaa zisikilizane, na Pacemaker, inayoamua nani abebe kazi ipi na akianguka nani ashike nafasi yake. Pakeji ikikaa na hitilafu kubwa isiyotibiwa, inaondolewa kwenye toleo lijalo bila kuonewa haya. Debian 8 ilitoka mwaka 2015 bila Pacemaker kabisa, na hakuna anayetaka hilo lijirudie. Kwa hiyo taarifa ya hitilafu ikiingia, hata kama ni Jumamosi, mtu anaichungulia.

Sasa risasi. Chukua kompyuta mbili zinazotumia data moja. Waya wa kati ukikatika, kila moja inaona mwenzake kimya na kudhani amekufa. Zote zinakimbilia urithi, zote zinaandika juu ya data ileile, na data inakuwa uji. Ndiyo maana kuna sheria: kabla ya kurithi, hakikisha marehemu amekufa kweli. Na namna ya kuhakikisha ni kumuua mwenyewe. Kompyuta iliyobaki inatuma amri kwenye soketi ya mwenzake na kumkatia umeme. Kitu hicho kinaitwa STONITH, na herufi hizo zinasimamia amri ya Kiingereza ya kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Sikuchagua mimi.

Taarifa yenyewe ilitoka kwa mtu wa ng'ambo aliyelalamika kwamba kompyuta zake mbili zinauana usiku kucha bila kuchoka. Nikaangalia mipangilio yake. Kwenye klasta ya watu wawili akidi ni tatizo, maana nusu si wengi, kwa hiyo Corosync ina mpangilio uitwao two_node unaomruhusu mmoja aendelee peke yake. Mpangilio huo unakuja na mlinzi wake, wait_for_all: kompyuta inayowaka isianze ubabe mpaka imemwona mwenzake walau mara moja. Jamaa alikuwa amemzima mlinzi. Nilishaotea jibu, lakini kwenye kazi hii huandiki jibu la kuotea. Unalitengeneza tatizo nyumbani kwako, unaliona kwa macho, ndipo unaandika.

Maabara yangu ni kona ya sebule, Tabata. Kuna kompyuta mbili za mezani nilizonunua mitumba Kariakoo. Ya kwanza inaitwa Kulwa, ya pili Doto, sisi Wasukuma hatuna ubunifu mwingine kwa vitu viwili. Kuna waya wa bluu unaoziunganisha wao kwa wao, na ekstensheni niliyofungiwa na fundi, kila tundu na rilei yake, yaani swichi ya kuzimwa na kuwashwa kwa amri, inayopokea amri kupitia ruta. Tundu namba 1 la Kulwa, namba 2 la Doto. Nilikwishaweka mipangilio ya yule bwana kama ilivyo, nikaingia chumbani na laptopu yangu. Nilipanga kwenda kuchomoa waya wa bluu wakati wa mapumziko, kwa sababu siku hiyo ilikuwa Simba na Yanga na sebule ilijaa ukoo mzima.

Nisichokijua ni kwamba shemeji alikuja na televisheni yake kubwa, akidai ya kwetu inaonyesha wachezaji kama kunguni. Alitafuta umeme. Akaona tundu namba 2, akamchomoa Doto, akachomeka multiplagi, kisha humo ndani ya multiplagi akamrudisha Doto kwa heshima zote, pamoja na televisheni na king'amuzi. Meza ilipombana akaivuta kidogo. Waya wa bluu ukachomoka.

Huku chumbani logi, ile orodha ya kila kitu kompyuta zinachofanya, ikaanza kutiririka kwenye laptopu. Kulwa hamwoni Doto. Kulwa anaomba Doto auawe. Tundu namba 2 limezimwa, limewashwa, kazi imekamilika. Nikakodoa macho. Sijagusa kitu na tatizo la mteja limejileta lenyewe! Nikapiga kelele, "Safi! Safi sana!"

Sebuleni ukasikika mguno wa watu wengi kwa pamoja.

"Luku imeisha?"

"Feni si inazunguka?"

King'amuzi kile kinawaka taratibu kama mzee anayetafuta viatu. Wakati picha inarudi, Doto naye alishaamka, akatazama huku na huku, hamwoni Kulwa. Kwa kuwa mlinzi hayupo, hakusubiri. Akatuma amri tundu namba 1, Kulwa chali. Sebuleni hakuna aliyejali, Kulwa hana mpira. Watu wakapata dakika chache za mechi, wakatulia, shemeji akaanza hata kuchambua kiungo. Ndipo Kulwa akamaliza kuwaka.

"Mpige tena!" nikapaza sauti, ngumi juu. "Mpige!"

Televisheni ikazima. Na wakati uleule, nyumba ya jirani, ambako wote ni Yanga, ikalipuka.

Kwetu wote ni Simba. Nyumba ikawa kimya, isipokuwa chumba kimoja ambacho mtu alikuwa anacheka peke yake na kujipigia makofi. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mpwa wangu, uso mzito.

"Anko, babu anauliza umehamia Yanga lini."

"Mwambie babu niko kazini."

"Kazi gani?"

"Kulwa anampiga Doto risasi. Halafu Doto akifufuka anampiga Kulwa."

Akafunga mlango polepole, kwa adabu. Nikamsikia akifikisha ujumbe neno kwa neno. Kisha mama, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kutolia: "Nilisema huyu mtoto analala kidogo mno."

Waliingia wote. Shemeji mbele, jezi nyekundu, kidhibiti mbali mkononi kama rungu. Nikawageuzia laptopu wasome ushahidi, na kwa bahati mbaya sana ushahidi ulisema, kwa herufi nyeupe, kwamba tundu namba 2 limezimwa kwa amri kutoka nyumba hii.

"Shemeji," akasema, "kumbe ni wewe."

"Ni Kulwa."

"Kulwa ni nani?"

Nikamwonyesha. Alitoka, akamchomoa Kulwa ukutani, akambeba hadi uani na kumweka karibu na banda la kuku. Doto akaamka, akalipiga risasi tundu tupu, akaambiwa imefanikiwa, akatwaa uongozi wa klasta. Kipindi cha pili kikaenda bila kukatika.

Usiku nikaandika jibu: nimelithibitisha tatizo, rudisha wait_for_all, na nikaambatisha logi. Mwenzangu mmoja wa kujitolea, mtu makini sana, akauliza kompyuta ya pili ilikuwa imebeba mzigo gani wakati wa jaribio. Nikamjibu ukweli: televisheni moja, king'amuzi kimoja, na ukoo.

Akauliza kama naweza kurudia jaribio.